Jinsi Nailoni Ilivyotoka Kwenye Cherehani ya Mkuyuni Juu

Nyamazeni, enyi wana wa Chuo cha Wananchi Mkuyuni Juu, mlioketi bwaloni na mlio bado kwenye foleni ya maharage! Tulizeni vijiko, zimeni simu, na wewe uliyeegemea ukuta, acha kuegemea, rangi haijakauka. Na waje wa Matogoro wanaoamka chini ya vilima vyenye misitu, waje na wa Mjimwema wenye miguu myepesi, kwa maana mchana huu inasimuliwa habari ambayo mfano wake haujapata kusimuliwa katika nchi yote ya Ruvuma tangu mababu walipoingia na ngao zao kutoka kusini. Litatajwa jeshi lililovaa mavazi ya kung'aa, na ngome isiyoingilika, na mlinzi asiyesinzia, na binti mmoja aliyeingia humo akatoka na ushindi ambao wajukuu watauliza, je, ilikuwa kweli?

Ilikuwa kweli. Nailoni ilitoka kwenye cherehani.

Moja. Zile nyingine bado zinayo.

Lakini msiondoke, maana ushindi haupimwi kwa ukubwa wa kitu kilichoshindwa, na isitoshe maharage yenyewe hayajaiva.

Basi ulikuwa mwaka wa Maboresho. Neno hilo lilishuka juu ya chuo kama mvua za kwanza, na kila lilipomwagika pakabadilika. Lango likapata bango jipya, kubwa kuliko lango lenyewe, likiwa na picha ya wanafunzi wanaocheka ambao hakuna anayewafahamu. Bwalo likapakwa rangi ya krimu hadi usawa wa bega, kwa kuwa rangi iliishia hapo. Tangi la maji likapandishwa juu ya mnara, nalo likakaa huko likiyangoja maji kwa subira ya mtawa. Na katikati ya uwanja likainuka Jengo Jipya, lenye sakafu ya marumaru nyeupe na feni za darini, na ndani yake, safu kwa safu kama askari wa gwaride, zikapangwa cherehani kumi na mbili za umeme.

Zilitoka kiwandani zimevikwa nailoni, zikasafiri zimevikwa nailoni, na zilipofika zikaachwa zimevikwa nailoni. Viti vyake vilikuwa na nailoni. Meza, nailoni. Hata kapu la taka lilikuwa ndani ya nailoni, kwa hiyo taka zilitupwa sakafuni na kuokotwa kwa heshima. Maana ilikuwa imetolewa amri na Madam Oliva, Mkuu wa Chuo, Mama wa Maboresho, Mshika Kipaza Sauti: nailoni isitolewe kwenye kitu chochote kipya mpaka mgeni rasmi aje kukizindua.

Na mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa njiani mwezi wa nne, akapata udhuru. Alikuwa njiani mwezi wa sita, akapata semina. Mwezi wa nane alikuwa njiani kwa uhakika mkubwa hata akachinjwa mbuzi. Mbuzi akaliwa, mgeni hakuonekana, na utepe mwekundu uliokuwa umefungwa mlangoni ukafunguliwa taratibu, ukakunjwa, ukarudishwa stoo. Wakati wote huo wanafunzi wa ushonaji waliendelea kukanyaga cherehani za miguu katika banda la zamani, na saa za mapumziko wakaenda kuchungulia Jengo Jipya madirishani, kama watoto wanaochungulia harusi wasiyoalikwa.

Miongoni mwao alikuwako Zuhra binti Muhsini wa Nalasi, Mnyoosha Mapindo, Tisho la Vifungo, ambaye uzi ulipoona kidole chake kinakuja ulijipeleka wenyewe tunduni. Baba yake ni mkulima wa korosho huko Tunduru, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vina madoa ya utomvu wa ganda, kwa sababu alianza kubangua kabla hajajua kusoma. Huu ulikuwa muhula wake wa mwisho.

Hapo ndipo Fursa ilipotangazwa. Kiwanda kimoja cha sare za shule kitachukua wanafunzi wawili kwa mafunzo ya miezi sita, chakula na malazi juu ya kiwanda, na atakayefanya vizuri ataajiriwa. Mtahini, Bi Pamela, angefika Alhamisi na cherehani yake ndani ya gari. Kila mwanafunzi angeshona kola ya shati mbele ya macho yake. Na cherehani hiyo, enyi wasikilizaji, ilikuwa ya umeme.

Zuhra alisikia tangazo hilo akiwa amesimama karibu na Selestine. Hapa inafaa kumtaja Selestine: kijana wa darasa lile lile, aliyesoma bweni kwa mapadre tangu udogo wake, mwenye sura ya mtumishi wa altare, mnyenyekevu, msaidizi wa wanyonge, na ambaye yote yaliyowahi kusemwa juu yake kuhusu chumvi kwenye uji wa walimu hayajathibitishwa.

"Umewahi kuigusa cherehani ya umeme?" Selestine akamwuliza.

"Nimewahi kugusa dirisha lake."

"Basi tuko sawa."

"Hatuko sawa. Wewe ukikosa, unarudi kwenu mjini kula wali wa mama yako. Mimi nikikosa narudi Nalasi, na baba hatasema neno. Ataniwekea tu kigoda pale pale kilipokuwa, na rundo la korosho mbele yake." Akavitazama vidole vyake. "Hii ya miguu unaikanyaga kwa nguvu, ndiyo inakwenda. Ile wanasema ukiiwekea kidole gumba cha mguu tu imeshafika Mbinga. Nikiishika mara ya kwanza mbele ya mtahini, kola itakwenda, mimi nitabaki."

Wakaenda basi kama mabalozi kwa Madam Oliva. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaamkia shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakaambiwa wakae. Nao wakakaa juu ya makochi mapya yenye nailoni, nayo yakatoa mlio ambao adabu haituruhusu kuueleza. Zuhra akaona heri asimame.

"Madam," akasema, "kwa heshima na taadhima, hakuna jeshi linalokwenda vitani na mkuki ambao halijaushika. Kesho tunatahiniwa kwa mashine tusizozijua, nazo zimo humu humu uani kwetu, zimelala. Hatuombi mchana kutwa. Tunaomba nailoni ya cherehani moja itoke, kwa saa moja, tujue mnyama huyu anauma wapi."

Madam Oliva alivua miwani, na alipovua miwani hata feni ilipunguza mwendo.

"Binti Muhsini," akasema, "maneno yako yana uchungu, na mimi ni mzazi. Lakini nawe nijibu. Mgeni rasmi akifika, na kamera zimewashwa, na kwaya imesimama, akakuta cherehani imeshavuliwa, atazindua nini? Atazindua mitumba?"

"Lakini Madam, Alhamisi..."

"Chuo hiki kimengoja Maboresho miaka mingi. Mtu hawezi kungoja uzinduzi wake wiki chache? Nailoni haitoki. Nendeni salama."

Wakaenda, lakini si salama. Zuhra alitembea mpaka katikati ya uwanja, kisha akageuka kuelekea Jengo Jipya, na Selestine akamfuata, kwa kuwa Selestine hamwachi rafiki, hasa pale panapoonekana kama patakuwa na kioja.

Mlangoni aliketi Mzee Valeriani, Mwenye Funguo, mtunza stoo, mtu ambaye amewahi kumnyima mwalimu chaki kwa sababu aliomba za rangi na kibali kilisema chaki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmekuja kuchungulia? Dirisha la kushoto ndilo safi."

"Babu, ile amri ya Madam inasemaje? Neno kwa neno."

Mzee Valeriani akasimama, kwa sababu yeye haisemi amri akiwa ameketi. "Nailoni isitolewe kwenye kitu chochote kipya mpaka mgeni rasmi aje kukizindua."

"Imesema watu wasiingie?"

"Haikusema."

"Imesema cherehani zisishone?"

Mzee Valeriani akaitazama mbingu, akaitazama marumaru, akaupekua moyo wake kama anavyopekua rafu za stoo. "Haikusema," akakiri mwishowe. "Na mimi nikiambiwa kutunza natunza, siongezi chumvi. Nailoni ikibaki juu ya cherehani, amri imetimia. Lakini mtashonaje na koti lake hilo?"

"Nitaingia ndani ya koti," akasema Zuhra.

Mzee akacheka mpaka funguo zikalia. "Ninyi watu wa korosho! Ganda haliwatishi!" Akafungua.

Ee jua la mchana wa Jumatano, wewe ulishuhudia! Waliviacha viatu mlangoni, wakakanyaga marumaru ile ambayo haikuwa imekanyagwa ila na mafundi walioiweka. Zuhra alichagua cherehani ya safu ya kwanza, iliyo karibu na ukuta. Waya wake ulining'inia nje ya nailoni, Selestine akauchomeka. Kisha binti Muhsini akainua ukingo wa nailoni, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingiza mikono na vipande vya kola, na ukingo ukamshukia mgongoni. Aliyemwona kutoka nje angesema huyu ana mafua, amejifukiza mwarobaini.

Humo ndani lilikuwamo joto la Tunduru kabla ya mvua. Pumzi yake iligonga nailoni ikarudi kuwa ukungu. Jasho likatafuta njia nyusini. Hakuona mlango wala dirisha. Aliona tu taa ndogo ya sindano, nyeupe, na chini yake kola, imekunjwa sawasawa, ikimsubiri. Akatunga uzi mara ya kwanza. Akashusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa. Akavuta pumzi.

"Bismillahi," akasema.

Na hapo likatokea jambo ambalo wanatarehe wanatofautiana juu yake. Wako wanaosema umeme ulizidi. Wako wanaosema ni hasira ya chuma kilichofungiwa muda mrefu. Hakuna ajuaye, na Selestine, aliyekuwa mbali kabisa, ukutani, kwenye swichi, hajui kuliko wengine. Ghafla mnyama alinguruma! Sindano ikawa haionekani tena kwa kasi, meza ikatetemeka, kola ikafyonzwa mbele kama mlenda, na nailoni iliyokuwa imelegea ikavutwa pamoja nayo. Mwingine yeyote angeruka. Wangeruka wanaume waliowahi kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi ya Namtumbo. Binti wa Nalasi hakuruka. Aliweka viganja viwili juu ya kitambaa kile kinachokimbia, akakiongoza kwenye ukingo ulionyooka, akakizungusha penye mviringo, akakirudisha kwenye ukingo wa pili, meno ameuma, macho hayapepesi, mpaka kola ikaisha na ngurumo ikakatika.



"Selestine," sauti ikatoka ndani ya nailoni.

"Naam."

"Nimeshonwa."

"Wewe?"

"Kola imeshonwa na nailoni. Na ncha ya mtandio wangu imo. Siwezi kutoka."

Kabla Selestine hajaamua kama alie au acheke, zikasikika sauti mlangoni. Bi Pamela alikuwa amewahi kwa siku moja nzima, jambo ambalo chuo hakikuwahi kuliona kwa mgeni, na Madam Oliva alikuwa anamwonyesha Jengo Jipya, kwa kuwa lina soketi zinazofanya kazi.

"Na humu ndimo fahari yetu," Madam alikuwa anasema, "mashine za kisasa kabisa, hazijaguswa na..." Akasimama. "Ni nini kile?"

"Nailoni ipo, Madam," akasema Mzee Valeriani, amekakamaa kama mlingoti. "Haijatolewa."

"Ndani yake mna mtu!"

"Hilo sikukatazwa."

"Shikamoo, Madam," ikasema cherehani.

Tuipite hasira ya Madam Oliva, maana wino hautoshi, tuseme tu kwamba vioo vipya vya Jengo Jipya vilijaribiwa siku ile na vikafaulu. Lakini Bi Pamela hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama, mwanamke mfupi mwenye futi ya nguo shingoni, akifuata kwa kidole, juu ya nailoni, mstari wa uzi mweupe.

"Nani kakufundisha kushona nailoni?"

"Hakuna, mama," akajibu Zuhra. "Imejipeleka yenyewe."

"Na penye mviringo? Napo ilijipeleka?"

"Pale niligeuza mimi. Nisingegeuza ingefika ukutani."

Bi Pamela akanyanyuka. "Nailoni hung'ang'ania mguu wa cherehani. Kule kwetu, tukipata kazi ya makoti ya mvua, mafundi wakubwa wananipindishia. Hii haijapinda hata kidogo. Mimi nilikuja kuona kola. Itoe niione upande wa pili."

"Haitoki, mama, mpaka nailoni ikatwe."

"Nailoni haikatwi!" Madam akapaza sauti. "Tukate kola!"

"Kola ndiyo mtihani wake, Mkuu. Ukiikata, nimtahini kwa kitu gani? Nitaondoka nayo hivi ilivyo, au nitaondoka bila mwanafunzi wa chuo chako."

Hakuna mfalme aliyewahi kubanwa kati ya majeshi mawili kama alivyobanwa Madam Oliva. Upande huu, amri yake mwenyewe. Upande ule, Fursa, ambayo alikwisha kuitangaza kwenye bango la lango kabla haijapatikana. Akamtazama Bi Pamela. Akautazama mkoba wake. Akachungulia nje, akaliona gari lake, lenye dereva. Na uso wa Madam ukakunjuka polepole, kama turubai la sherehe.

"Bi Pamela," akasema kwa upole, "una dakika kumi?"

Kufumba na kufumbua kengele ikagongwa, wanafunzi wakamiminika, viatu vikarundikana mlangoni kama mavuno. Mzee Valeriani akaja na sinia, juu yake kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa mkasi wa uzinduzi. Utepe mwekundu ukatolewa stoo, ukazungushiwa cherehani, na kwa kuwa Zuhra alikuwamo, ukamzungushia na Zuhra. Kipaza sauti kikawashwa.

"Kwa kuwa muda si rafiki yetu," akaanza Madam Oliva, kisha akauchukua muda huo akaukalia. Alianza na historia ya chuo. Akashukuru wadau. Akashukuru wadau ambao hawakutoa kitu lakini walionyesha nia.

"Madam," ikasema nailoni, "naishiwa pumzi."

"Vumilia, binti, tuko kwenye utangulizi."

Bi Pamela hakungoja mwili wa hotuba. Akaunyakua mkasi, akakata utepe, na bila kuvuta pumzi akaichana nailoni kutoka juu hadi chini. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda mpaka Matogoro, na kutoka katika ufa ule akachomoza Zuhra binti Muhsini, amelowa, mtandio umekatika ncha, macho mekundu, na mkononi, ameinua juu ya kichwa chake, kola.

Bi Pamela akaigeuza. Akaiangalia upande wa pili. "Huyu nimemchukua," akasema. "Wengine tuonane kesho."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili kibao kikapigiliwa ukutani, kikisema kwamba cherehani hii ilizinduliwa rasmi. Zile kumi na moja zimebaki na nailoni zao, zinangoja mgeni wa kwao, na darasa zima la ushonaji hupanga foleni kwa ile moja. Zuhra anaondoka Jumatatu. Ila Madam Oliva, baada ya kumsindikiza mgeni na kuzima kipaza sauti, alisema mtu anayeikanyaga mashine mpya kwa nguvu namna ile amehujumu mali ya chuo, awe ameshinda au hakushinda. Na hivyo shujaa wetu amepewa kufyeka nyasi zote za nyuma ya bwalo mpaka siku ya safari. Hata mashujaa wana majukumu.

Basi iwekwe, enyi wana wa Mkuyuni Juu, katika kumbukumbu za vizazi, kwamba katika mwaka wa Maboresho mkono wa Nalasi uliipasua ngome ya...

"Umemaliza?"

Nani huyo mlangoni anayeikatiza tarehe? Ni shujaa mwenyewe, ana fyekeo mkononi na majani kwenye nywele.

"Imebaki aya ya mwisho, Zuhra. Ndiyo yenye vigelegele."

"Nina swali kabla ya vigelegele. Ile cherehani inakwenda kwa pedali. Mguu wangu ulikuwa bado chini ya kiti, nimeukunja. Nilikuwa navuta pumzi, umesimulia mwenyewe. Nani alikanyaga?"

"Wanatarehe wanatofautiana..."

"Humo ndani tulikuwa wawili, mwanatarehe. Mzee Valeriani alikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni," anasema Mzee Valeriani kutoka kwenye foleni ya maharage.

"Na Selestine alikuwa ukutani, kwenye swichi," msimulizi anasema, "mbali kabisa, kama ilivyokwisha elezwa kwa..."

"Swichi iko ukutani. Mbona kicheko nilikisikia chini ya meza?"

Bwalo lote limenyamaza. Hata maharage yamenyamaza. Na pale dirisha la jikoni, sijui tangu lini, amesimama Madam Oliva, na anavua miwani.

Haya. Selestine ni mimi, mnanijua wote, hakuna haja ya kunyoosha vidole. Niliingia chini ya meza. Niliona mguu wake haupo, pedali iko wazi, yeye amejifunika kama mgonjwa, nikasema nikanyage kidogo tu, aruke, apige kelele, nicheke, basi. Nikakanyaga. Nilitegemea ataachia. Nilikanyaga tena kwa nguvu ili aachie, na mpaka kola inaisha nilikuwa nakanyaga, na hakuachia.

Madam, hakuharibu yeye. Zuhra, nipe hilo fyekeo.